Betri za bodaboda zipimwe kama pampu za petroli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo sisi madereva wa bodaboda za umeme tunalizungumza kila siku vijiweni, lakini sijaliona likiandikwa. Makala nyingi ninazosoma kuhusu pikipiki hizi husifia kwamba hazina moshi wala kelele, na ni kweli tupu. Mimi nataka kuzungumzia kipimo. Nikinunua petroli najua nimepewa lita ngapi. Nikibadilisha betri sijui nimepewa nini.

Nimeendesha bodaboda miaka 11, minane ya petroli na mitatu ya umeme, na siandiki kwa kuwa nataka kurudi nilikotoka. Pikipiki ya umeme imenipunguzia mengi. Sibadilishi oili, sinunui plagi, sihangaiki na kabureta iliyoziba. Klachi hamna, na kiganja changu cha kushoto kilichokuwa kikifa ganzi kila jioni sasa hakina neno. Anayenishawishi nirudi kwenye petroli anapoteza muda wake.

Tena nakiri kwamba bila vituo vya kubadilishia betri kazi hii isingewezekana. Kuchaji betri huchukua saa kadhaa, na dereva aliyeegesha saa kadhaa hana siku. Wengi wetu tunaishi vyumba vya kupanga, soketi moja na ndugu wanne, mita ya umeme ya kuchangia na jirani. Nani atakuruhusu uchaji pikipiki humo usiku kucha? Halafu betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika pikipiki hizi. Kampuni ikibaki na betri na kutuuzia pikipiki peke yake, hata mtu wa mkopo anaimudu. Unafika kituoni, unafungua kiti, unachomoa, unanyanyua betri yenye kilo zaidi ya 20, unaisukuma kwenye kabati. Mlango mwingine unafunguka, taa ya kijani inawaka, unachukua iliyojaa. Dakika mbili, umeondoka.

Ni ile taa ya kijani ninayotaka kuizungumzia.

Ijumaa moja jioni nilimpakia mama mmoja, fundi cherehani. Alikuwa ametoka kutengenezesha cherehani yake, na kichwa cha mashine hiyo alikuwa amekipakata, kimefungwa kwa shuka kuukuu, kwa hiyo kati ya mgongo wangu na yeye kulikuwa na chuma kizito. Skrini ilionyesha asilimia 24. Mbele yetu kulikuwa na kilima ninachokijua kama chumba changu, na baada ya kilima, kilomita mbili tu hadi kwake. Niliona inatosha, na kwa asilimia zile ilitakiwa itoshe na chenji ibaki.

Katikati ya kilima nikaona 22, kisha 17, kisha 9, kama mtu anayeshuka ngazi kwa kurukaruka. Kisha mota ikanyamaza. Pikipiki ya petroli ikiishiwa hukohoa kwanza, inakupa nafasi ya kujitafutia pembeni. Hii hunyamaza tu. Tukaanza kurudi kinyumenyume, gari likiwa nyuma yetu linapiga honi. Nikabana breki zote mbili, miguu chini.

"Mama, shuka taratibu, nimeishika."

"Imezima, mwanangu?"

"Imezima. Samahani sana, mama."

Akashuka na chuma chake kifuani. Tulipanda kile kilima kwa miguu, yeye mbele na mzigo wake, mimi nyuma nikisukuma. Nauli sikuichukua. Tulipofika juu, baada ya kupumzika kidogo, nikawasha tena, na skrini ikaniambia nina asilimia 16. Niliitazama ile namba kwa muda mrefu. Kama kulikuwa na 16, kwa nini mama wa watu amebeba cherehani mlima mzima?

Aliyenieleza ni fundi mmoja anayetengeneza betri, na alifanya hivyo kwa kunifungulia betri mbovu mezani kwake. Betri ya volti 72 ukiitazama kwa nje ni sanduku moja. Ndani mna seli, yaani betri ndogondogo, zilizofungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Seli ya aina ya lithiamu, chuma na fosfeti, ambayo ni moja ya aina zinazotumika sana kwenye pikipiki hizi, ina volti 3.2 hivi, kwa hiyo zinahitajika zaidi ya 20 ili kufikia volti 72. Umeme unapita katika zote kwa foleni moja. Ikiwa seli moja imechoka kuliko wenzake, ukipanda kilima na kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti ya ile iliyochoka inaporomoka, na kifaa cha ulinzi kilichomo ndani hukata betri nzima ili isiharibike. Hakijali kwamba nyingine zote bado zina nguvu. Ukishatulia, volti inapanda tena, na namba inarudi kwenye skrini.

Akaniongezea jambo lingine ambalo sikulijua. Seli za aina hiyo volti yake haibadiliki sana, tangu zikaribie kujaa hadi zikaribie kuisha. Kwa hiyo kompyuta ya betri haiwezi kutazama volti peke yake ikajua kilichobaki. Inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama karani wa ghala. Hesabu hiyo hukosea kidogo leo, kidogo kesho, na isiporekebishwa kosa hukua. Asilimia ninayoiona ni makisio ya karani.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: asilimia 100 ya nini? Ndoo iliyojaa na kikombe kilichojaa vyote vimejaa. Betri iliyozeeka, ambayo ujazo wake umepungua, ikijazwa mpaka mwisho wake nayo huandika 100, na nayo huwashiwa taa ya kijani.

Nikanunua daftari. Kila nilipobadilisha betri niliandika tarakimu tatu za mwisho za namba iliyobandikwa ubavuni, kilomita za kuanzia, kilomita za kurudishia, na asilimia. Nimefanya hivyo kwa miezi mitatu. Najua abiria mzito, kilima, tairi lenye upepo mdogo na mwendo wa kasi vyote hula chaji, ndiyo maana sikutaka kusema lolote kwa safari mbili tatu. Lakini njia zangu ni zilezile na mwendo wangu ni uleule. Betri 417 imenijia mara sita, na haijawahi kunifikisha kilomita 60. Betri 233 imenijia mara nne, na mara zote nne imevuka 80. Zote mbili nilizilipia sawasawa, kwa sababu kampuni ninayobadilishia hutoza kiasi kilekile kwa kila mara unayobadilisha.

Ili msomaji asidhani ni hisia zangu tu, tuipige hesabu. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ikiwa mpya hubeba 72 mara 40, wati-saa 2,880, yaani uniti 2.88 zilezile tunazozijua kwenye mita ya nyumbani. Pikipiki yangu hula wati-saa 35 hivi kwa kilomita. Basi betri mpya itanipeleka kilomita 82. Betri iliyobaki na robo tatu ya ujazo wake ina uniti 2.16, na itanipeleka kilomita 61. Tofauti ni kilomita 21 kwa betri moja. Dereva anayetumia betri mbili kwa siku, akiangukia mbovu zote mbili, amepungukiwa kilomita 42, na hizo ni abiria wa robo siku. Kisha anarudi kituoni mapema na kulipa tena. Mwenzake aliyebahatika bado yuko barabarani.

Vijana kijiweni wanazijua betri nzuri kwa namba kama watu wanavyojua namba za basi. Nimeona watu wakikaribia kushikana mashati mbele ya kabati kwa sababu mlango uliofunguka umetoa betri ambayo wote wanaijua. Nimeona pia watu wakisimama pembeni makusudi, wakisubiri mtu mwingine aichukue ile mbaya kwanza. Mchana wa joto kali hali huwa mbaya zaidi: betri zinarudishwa zikiwa za moto, lazima zipoe kabla ya kuchajiwa, na jioni foleni ikirefuka unapewa iliyofika 85 kwa sababu hakuna nyingine. Malipo ni ya 100.

Niliwahi kumuuliza kijana wa zamu kituoni kama anaweza kuniambia hali ya betri kabla sijaitoa. Ni kijana mwenye adabu. Alinijibu, "Kaka, mimi naona taa kama wewe unavyoiona." Nilimwamini. Lakini kabati lenyewe linajua. Linaisoma namba ya kila betri, linazungumza na kompyuta iliyomo ndani yake, linajua limeingiza uniti ngapi tangu iliporudishwa. Ninachoomba hakihitaji mtambo mpya. Taarifa ipo, ila haimfikii anayelipa.

Na kuna hasara ambayo nadhani kampuni zenyewe hazijaitazama vizuri. Ukimtoza mtu kiasi kilekile iwe amerudisha betri ikiwa na 30 au ikiwa na 2, unamfundisha kuikamua hadi tone la mwisho. Nani atarudisha umeme alioulipia? Kwa hiyo tunazikamua. Tunazimikiwa vilimani na abiria, na betri iliyokaushwa hivyo kila siku huchakaa upesi kuliko ile inayorudishwa mapema. Betri iliyochakaa inarudi kabatini, inampata dereva mwingine, naye anaikamua zaidi kwa kuwa haimfikishi. Na wote tunaishiwa saa zilezile za jioni, tunajazana kituoni pamoja. Ningelipa kwa uniti nilizotumia, ningebadilisha nikiwa na 30, wakati wowote ninapopita karibu na kituo bila abiria. Betri ingeishi, foleni ingepungua, na yule mama asingebeba cherehani.

Wapo wanaosema biashara hii ni changa, tuiache ikue kwanza. Si changa hivyo. Mjini Hartford, Marekani, tangu miaka ya 1910 hadi 1924, kampuni ya umeme ya mji ilikuwa ikiwabadilishia betri wenye malori ya umeme. Mtu alinunua lori bila betri, akawa analipa ada ya mwezi pamoja na malipo kwa kila maili aliyokwenda. Kwa kila maili! Miaka zaidi ya 100 iliyopita waliona ni haki mwenye lori alipie alichotumia, na hawakuwa na kompyuta hata moja.

Petroli nayo tuliifikisha mahali pa haki kwa njia ya kawaida kabisa. Pampu hukaguliwa na wakaguzi wa vipimo. Hufungwa lakiri. Akikutwa mtu anauza lita pungufu, anafungiwa. Mita ya umeme ya nyumbani vilevile lazima ipimwe kabla ya kuanza kukutoza. Mizani ya sokoni vilevile. Kabati la betri linauza nishati kama pampu inavyouza, kwa watu walewale, kwa kazi ileile, na bado hakuna lakiri juu yake. Naomba wakaguzi wa vipimo walifikie. Wachukue betri kutoka kabatini bila taarifa, waitoe umeme wote kwa mashine yao, wahesabu uniti, walinganishe na kilichoandikwa. Mlangoni pa kila betri paandikwe uniti zilizomo, na dereva atozwe kwa zile alizotumia, kuanzia alipoitoa hadi alipoirudisha. Uzima wa betri nao uonekane: ujazo wake wa sasa ukilinganishwa na ilipokuwa mpya.

Sisemi betri ikichoka kidogo itupwe. Hizi ni mali ghali, na 417 ikiuzwa kwa uniti zake za kweli mimi nitaichukua bila kinyongo siku nikiwa na safari fupi za tambarare. Ikizidi kuchoka, iondolewe barabarani ipelekwe mahali pa kukaa tu, kama kutunza umeme wa jua kwa ajili ya taa za usiku, ambako hakuna kilima. Kinachoniuma ni kuuziwa kikombe kwa malipo ya ndoo.

Kuna suala la betri za kampuni tofauti kutoingiliana, na najua wenzangu wengi wangependa niliweke hilo mbele. Nami limeniuma. Nimewahi kuzimikiwa hatua chache kutoka kwenye kabati lililojaa taa za kijani, lisilofungua mlango kwa pikipiki yangu kwa sababu si la kampuni yangu. Watengenezaji wakubwa wanaweza kukubaliana wakitaka. Taiwan, ambako kampuni ya Gogoro ilianza kubadilisha betri za skuta mwaka 2015, Yamaha waliingiza sokoni mwaka 2019 skuta yao inayotumia betri na makabati yaleyale ya Gogoro. Mwaka 2021 Honda, Yamaha, KTM na Piaggio walitia saini makubaliano ya kutafuta aina moja ya betri ya kubadilishana. Mwaka 2022 serikali ya India ilitoa rasimu ya sera ya kubadilisha betri, na humo ilizungumzia betri zinazoingiliana. Kwa hiyo linawezekana. Lakini kwa maoni yangu kipimo kije kwanza. Ukilazimisha leo umbo moja la betri, unaweza kufungia nje betri bora ya kesho. Ukilazimisha kipimo cha haki, hakuna betri bora itakayoumia. Na siku makampuni yatakapoanza kubadilishana betri, yatahitaji kujua nani kampa mwenzake nzima na nani kampa iliyochoka. Bila uniti zilizopimwa hawataaminiana hata wao.

Neno moja kuhusu kufunga betri kwa mbali, yaani kampuni kuizima kwa mtandao ukiwa nayo barabarani. Kampuni zina haki ya kudai marejesho ya mikopo yao, na betri zinaibwa kweli. Ila anayechelewesha marejesho afungiwe kituoni, anapokuja kubadilisha, akiwa ameegesha. Asizimiwe njiani.

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu mlango wa kutokea unafungwa. Kuanzia Januari 2025 Rwanda iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini Kigali. Mpya lazima iwe ya umeme. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, na natarajia miji mingine ifuate. Lakini leo, nikikerwa na kabati, bado ninaweza kusema nitarudi kwenye petroli, na kampuni inajua ninaweza kusema hivyo. Siku petroli itakapoondoka, nitakuwa na muuzaji mmoja, mwenye betri, mwenye kabati, mwenye skrini na mwenye hesabu, na mimi nina pikipiki isiyosogea bila yeye. Lakiri ifungwe kabla ya siku hiyo.

Daftari langu lina kurasa 46 zilizojaa. Namba za betri zimo, tarehe zimo, kilomita zimo, na kilima cha yule mama nimekiwekea alama. Wakaguzi wakihitaji mahali pa kuanzia nitawapa, na ikiwa yupo dereva mwingine aliyeandika lake, naomba asilitupe.

Wako msomaji,

Dereva wa bodaboda ya umeme
(Jina limehifadhiwa)